Ukurasa wa Dakika ya Nne

Ghorofani Kondele, juu ya kinu cha kusaga mahindi,
meza hutetemeka kila debe linapomiminwa
na unga hupanda ngazi pamoja nasi,
hutua kwenye kibodi, hutua kwenye kope.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema;
kwa Ambundo mcheza hulipa kwanza,
shilingi thelathini, nusu saa.

Sikuwa na thelathini kila siku.
Nilikuwa na daftari.

Wiki mbili nilipigana vita bila kompyuta:
mkuki mmoja, nafaka hamsini;
farasi mmoja, nafaka mia moja na themanini;
mikuki mitatu humwangusha farasi
na bado zinabaki thelathini,
nusu saa nzima, laiti nafaka ingekuwa pesa.
Nikazidisha, nikagawanya, nikapiga mstari kwa rula.
Jibu likatoka limenyooka kama shati la Jumapili:
jenga ghala tatu, tulia, usimguse mtu
hadi dakika ya tisa,
kisha shuka na mikuki sitini.
Nilikagua mara mbili.
Usiku ule nililala fofofo.

Jumamosi nikakutana na Awiti,
fundi wa vioo vya simu pale stejini,
vidole vyake vinanuka risasi ya kuchomea.
Dakika ya nne
farasi wake sita wakaingia ghalani kwangu
wakachoma zote tatu, wakafa humohumo.

Nikacheka. Nikamwonyesha kwa kalamu:
farasi sita ni elfu moja na themanini,
ghala tatu ni mia sita,
umepata hasara ya mia nne na themanini.

"Mimi nimepata hasara," akasema,
"wewe umepata njaa."

Nani humtuma farasi akafie ghalani?
"Mimi. Hesabu yako ni nzuri, ila mimi simo."

Nikalitupa daftari chini ya godoro.
Nikaapa kuamini vidole tu.
Nikajenga mnara mapema, nikashinda;
nikajenga tena, nikashinda; na tena,
nikatangaza ngazi nzima kwamba mnara ndio dawa.
Kumbe wale watatu walikuwa wa kidato cha pili,
wametoroka masomo ya ziada,
jicho moja kwenye skrini, jicho moja mlangoni.
Wa nne hakuwa na mwalimu wa kumwogopa.
Aliupita mnara wangu kama mtu apitavyo kibao
cha duka lililofungwa.

Kwa hiyo vidole navyo hudanganya,
tena kwa uchangamfu zaidi.

Nilimrudia Awiti na daftari, lina harufu ya godoro.
Hakunicheka. Alifungua mkoba wa bisibisi
akatoa risiti zilizofungwa kwa mpira,
nyuma ya kila risiti mwandiko mdogo:
*Farasi wanane, nimeshindwa.*
*Farasi watano, dakika ya sita, nimechelewa.*
*Sita, ya nne. Labda.*
Ishirini na saba alikuwa amepoteza
kabla ya kunichoma mimi.
Nami nilidhani ni ujasiri.

Sasa tuna ukurasa mmoja, kichwa chake Dakika ya Nne.
Mimi naandika kinachopaswa kutokea,
yeye anaandika kilichotokea,
na katikati tumeacha nafasi
ambayo hatujakubaliana ni ya nini.

Mchezo wa kumi na mbili: mikuki yangu tisa mlangoni pa ghala,
farasi wake wanne wanakata kona ya mto,
vumbi, kwato, dakika tatu na sekunde hamsini na mbili,
stima ikapotea.

Chini, kinu kikakata kauli.
Unga ukaanza kutua, tukausikia.

"Ungeniua?"
Kwa hesabu, ndiyo.
"Na kwa mkono?"
Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kipanya.

Nikaandika gizani, nje ya mistari: *12,*
nikaacha hapo.
Ambundo akaita kutoka mlangoni
kwamba anakumbuka, anakumbuka,
tunamdai dakika kumi na moja.